Shauri Lako Ungempelekea Nani? Makadhi Kumi, Kutoka wa Mwisho Hadi wa Kwanza

Tuseme baba yako amefariki, Mungu amrehemu, na ameacha shamba. Wewe bado mdogo, mama yako yumo edani, na ami yako amelikalia lile shamba kana kwamba alizaliwa nalo. Ami ana sauti, ana marafiki, na ana shemeji anayekula chakula cha usiku na mtawala. Wewe una haki, basi. Sasa umepewa ruhusa ya kuchagua kadhi mmoja kati ya wote waliopata kukaa kwenye kiti hicho tangu karne ya kwanza ya Hijra. Ungekwenda kwa nani?

Siwapangi kwa uchamungu. Hilo analijua Mola wao. Siwapangi kwa elimu pia, maana hapo tungebishana mpaka alfajiri. Nawapanga kwa jambo moja: mnyonge alikuwa akitoka mlangoni mwao na nini mkononi. Na nautoa msimamo wangu mapema, ili usije ukasema nimekuvizia. Ukimuuliza mtu leo kadhi wa zamani alikuwa akifanya nini, atakwambia alifungisha ndoa na kukata mikono ya wezi. Mimi nasema kazi yake kubwa ilikuwa kusimama kati ya mwenye nguvu na asiye nazo. Aliyesimama vizuri anapanda, aliyeyumba anashuka.

Haya, tuanze na wa mkiani.

10. Ibn Battuta, kadhi wa safarini

Ndiyo, yule yule msafiri wa Tangier. Watu wengi hawajui kwamba mkate wake kwa miaka kadhaa ulitoka kwenye ukadhi. Delhi, Sultani Muhammad bin Tughluq alimpa kiti hicho na mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Mwenyewe alieleza kwamba lugha ya watu haijui na kwamba madhehebu yake ni ya Malik, ilhali watu wa huko ni wa Abu Hanifa. Sultani akampa wasaidizi wawili, na mambo yakaendelea.

Kisha akafika Maldivi, mwaka 1343, akawa kadhi tena. Huko alikuja na moto. Aliagiza wasiohudhuria Ijumaa wachapwe. Aliagiza wanawake wajifunike kifua, wakakataa, naye ameandika kwa mkono wake kwamba hakufaulu. Alipohukumu mwizi akatwe mkono, baadhi ya watu waliokuwamo barazani walizimia. Baadaye akagombana na waziri, akaondoka zake.

Napenda kumsoma kuliko wasafiri wote wa zama zake, na ukitaka kujua mahakama ya pwani yetu ilikuwaje, yeye ndiye shahidi wako. Alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliona utaratibu mzuri sana: mambo ya sharia yaliamuliwa na kadhi, mengine yalikwenda kwa mawaziri na maamiri, na jambo likiwa zito liliandikwa kwa Sultani, naye akajibu nyuma ya karatasi ile ile. Lakini kuona na kuhukumu ni kazi mbili. Kadhi asiyejua ada za watu anaowahukumu ana hasara kubwa, kwa sababu nusu ya haki ya mnyonge imefichwa ndani ya ada hizo. Na shauri lako la shamba? Angekuwa ameshapanda jahazi kabla shahidi wako wa pili hajafika.

9. Abu Hanifa, aliyekataa kiti

Najua utapiga kelele. Imamu mkubwa namna hii namba tisa? Tulia, ndugu yangu. Huyu hakukaa kitini hata siku moja, na wewe una shamba linalohitaji hukumu wiki hii.

Lakini orodha ya makadhi bila Abu Hanifa haina chumvi. Khalifa al-Mansur alimtaka awe kadhi. Akajibu kwamba hafai. Khalifa akamwambia anasema uongo. Na Imamu, kwa utulivu, akamweleza kwamba basi jambo limekwisha: kama ninasema kweli, sifai, na kama ninasema uongo, mwongo hafai kuwa kadhi. Utampita wapi mtu huyo? Khalifa hakupata jawabu, akamtia gerezani. Abu Hanifa alifariki Baghdad mwaka 767.

Hakuwa peke yake. Vitabu vya wasifu wa wanazuoni vimejaa watu waliokimbia ukadhi kama wengine wanavyokimbia deni. Walizisikia Hadithi: kwamba makadhi ni watatu, mmoja Peponi na wawili Motoni, na kwamba aliyepewa ukadhi amechinjwa bila kisu. Huu woga haukuwa adabu ya maneno. Ulifanya kazi halisi katika jamii: uliwafanya watu wamtilie shaka kila anayekitaka kiti, na wamtafute anayekiogopa.

8. Abu Yusuf, mwanafunzi aliyesema ndiyo

Mwalimu kakataa, mwanafunzi kakubali. Abu Yusuf alitoka katika ufukara, akainuliwa na elimu, na chini ya Harun al-Rashid akawa mtu wa kwanza kuitwa kadhi wa makadhi. Kutoka hapo uteuzi wa makadhi wa mikoa ukawa unapita kwake. Aliandika Kitab al-Kharaj, kitabu cha kodi, akimwelekeza Khalifa namna ya kutoza bila kuwakamua wakulima. Hilo ni jambo jema sana, nami nalihesabu kwake.

Kwa nini basi namba nane? Kwa sababu ya kisa kinachosimuliwa kuhusu saa zake za mwisho. Inasemwa alijuta jambo moja katika ukadhi wake wote: Mkristo mmoja alikuja kumshtaki Harun mwenyewe, na yeye Abu Yusuf akasikiliza shauri bila kumwambia Khalifa atoke pale alipoketi akakae sawa na mwenzake. Hukumu haikuwa na kasoro. Kilichomuumiza ni mkeka.

Ninampenda kwa majuto hayo. Kadhi anayekufa akifikiria nani alikaa wapi ni kadhi aliyeielewa kazi. Lakini shemeji ya ami yako naye anajua kuchagua pa kukaa.

7. Ibn Khaldun, adui wa mashahidi wa kukodi

Mwaka 1384 Sultani Barquq alimweka kuwa kadhi mkuu wa Kimaliki Cairo. Tangu 1265, kwa amri ya Sultani Baybars, mji ulikuwa na makadhi wakuu wanne, mmoja kwa kila madhehebu, kwa hiyo mwenye shauri aliweza kutafuta mlango wenye hukumu inayomfaa. Ibn Khaldun alipofungua wake, alikuta uozo: mashahidi waliosajiliwa kuwa waadilifu wakiuza ushahidi, na waandishi wa hati wakiandika za kuivunja wakfu ya watu.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu mashahidi ndio uti wa mgongo wa mahakama hiyo. Kadhi hakuwa na wapelelezi. Alikuwa na ushahidi, ikrari na kiapo. Kwa hiyo mahakama iliweka orodha ya watu waliochunguzwa tabia zao, ambao neno lao linapokewa. Ikioza orodha hiyo, hukumu zote zinaoza, hata kadhi awe malaika.

Aliwaadhibu. Wakubwa wakaja na maombi ya pembeni, akayakataa. Katika kipindi hicho hicho familia yake ilizama baharini ikiwa njiani kumfuata Misri. Haukupita muda akaondolewa. Aliitwa tena, akaondolewa tena, mpaka mara sita kwa jumla, na alifariki mwaka 1406 akiwa kitini. Mtu mgumu, mkali, na najua angekutazama wewe na ami yako kwa jicho lile lile. Tatizo ni moja: asubuhi unayofika kwake, je, bado yupo?

6. Makadhi wa Unguja

Tumerudi nyumbani. Masultani wa Unguja walikuwa Waibadhi, raia wao wengi Washafii, na badala ya kulazimisha, wakaweka makadhi wa pande zote mbili. Mtawala anayekubali raia wake wahukumiwe kwa madhehebu yasiyo yake amejifunga mkono mmoja kwa hiari. Nampa pongezi kwa hilo.

Na makadhi wenyewe! Sheikh Abdulaziz al-Amawi wa Barawa alipelekwa na Sultani Sayyid Said kuwa kadhi wa Kilwa akiwa kijana mbichi, kabla hajahamia Unguja. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, aliyajua mawimbi ya jahazi kabla ya kuyajua mawimbi ya mahakama. Alihukumu, alifundisha, alitoa fatwa, na mpaka alipofariki mwaka 1925 barua za maswali zilimjia kutoka kila pembe ya pwani. Usichanganye mambo hayo mawili: fatwa ni rai ya mwanazuoni, unaweza kuichukua ukaiweka mfukoni, hukumu ya kadhi inakufuata mpaka nyumbani.

Mombasa nayo ina wake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947, alikuwa ameshaanzisha gazeti, Al-Islah, mwaka 1932. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekishika kiti hicho baada yake na baada ya wengine, ndiye yule yule wa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Haikuwa bahati. Pwani ilimtaka kadhi awe mwalimu kwanza.

Leo Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, imewawekea mpaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kati ya Waislamu waliokubali kwenda kwao. Wengine huona hicho ni kipande kilichobaki baada ya keki kuliwa. Mimi naona tofauti. Mirathi ndiyo shamba lako. Hicho kipande ndicho kinacholiwa na ami.

5. Sahnun wa Qayrawan

Kifupi, kwa sababu mambo yake yamenyooka. Alikuwa na miaka 74 ya Hijra emiri wa Waaghlabi, ukoo uliotawala huko, alipombana akubali ukadhi, na alikuwa amekataa kwa muda mrefu. Mwanazuoni wa al-Mudawwana, kitabu cha fikihi ya Kimaliki, hakuwa na njaa ya cheo. Mwishowe akatoa masharti: mshahara wa kwake hataki, na atawahukumu jamaa za emiri na watu wa nyumbani mwake, akianza nao. Emiri akakubali. Sahnun akaenda nyumbani, inasimuliwa, akamwambia binti yake Khadija kwamba leo baba yake amechinjwa bila kisu.

Unasikia hapo? Hajatoa hukumu hata moja, na tayari kila mwenye shemeji ikulu ametokwa na jasho. Angeishi zaidi ningempandisha. Alifariki miaka sita baadaye.

4. Iyas bin Muawiya, mtego wa Basra

Kwanza uteuzi wake. Khalifa Umar bin Abdulaziz alimwagiza gavana wake wa Basra achague kati ya Iyas na al-Qasim bin Rabia. Kila mmoja akamsukumia mwenzake. Al-Qasim akaapa kwamba Iyas ni bora kuliko yeye. Iyas akamwambia gavana: umemleta mtu ukingoni mwa Jahannamu, naye amejiokoa kwa kiapo cha uongo ambacho atakiombea msamaha. Gavana akacheka naye, kisha akamwambia: aliyeling'amua hilo ndiye anayefaa. Maskini Iyas, akili yake ndiyo iliyomfunga.

Sasa kazi yake. Mtu alimkabidhi mwenzake fedha, chini ya mti, bila shahidi. Mwenzake akakana. Iyas akamwambia mdai aende mpaka kwenye ule mti, labda atakumbuka alikoziweka. Mdaiwa akaambiwa angoje hapo. Iyas akaendelea na mashauri mengine ya watu, kisha ghafla, bila hata kuinua sauti, akamuuliza: unadhani mwenzako ameshafika kule mtini? Akajibu: bado, kule mbali.

Ewe mwizi! Mti usioujua umeupimaje umbali?

Watu hukisimulia hiki wakicheka, na wana haki. Mimi napenda zaidi kinachofuata. Iyas hakuhukumu kwa hisia zake. Alimbana mpaka akakiri, kwa sababu ikrari ni hoja ya kisheria na werevu wa kadhi siyo hoja. Akili yake ilifika mpaka kwenye mlango wa sheria, ikabisha hodi. Makadhi wengi wenye akili huvunja mlango.

3. Shurayh wa Kufa

Sayyidna Umar (r.a.) alinunua farasi, akampanda, farasi akapata kilema, akataka kumrudisha. Muuzaji akakataa. Wakakubaliana Shurayh awaamue. Akamwambia Khalifa: chukua ulichokinunua, au mrudishe kama ulivyompokea. Mtawala wa dola iliyomshinda Kisra, ameshindwa na muuza farasi! Na jawabu la Umar lilikuwa kumpa Shurayh ukadhi wa Kufa. Alikaa kitini miongo mingi, watawala wakija na kupita.

Kisa cha pili unakijua. Sayyidna Ali (r.a.) aliona deraya yake mikononi mwa Myahudi, wengine husema Mkristo. Akaenda kwa Shurayh. Mashahidi ni nani? Mwanawe Hasan, na huria wake Qanbar. Shurayh akasema ushahidi wa mtoto kwa mzazi wake haupokewi. Khalifa akakosa shauri, deraya ikabaki kwa mdaiwa, na mdaiwa mwenyewe ndiye aliyerudi akakiri.

Wapo wanazuoni wanaoitilia shaka isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, ya kisa hiki. Sawa, wana kazi yao. Lakini fikiria jamii ambayo kwa karne nyingi iliwafundisha watoto wake kwamba Ali, mkwe wa Mtume, alishindwa mahakamani kwa kukosa shahidi, na ikalisimulia hilo kwa fahari. Haikuona aibu kwa Ali. Iliona fahari kwa Ali aliyekubali na kadhi aliyethubutu.

Katika barua inayonasibishwa na Umar kwa Abu Musa al-Ashari, utaratibu umewekwa wazi: uwatazame wenye mashauri kwa usawa na uwakalishe kwa usawa, mwenye kudai alete ushahidi, mwenye kukana ale kiapo, na hukumu ya jana isikuzuie kuirudia haki ukiiona leo. Ongeza hapo makatazo ya Mtume (s.a.w.) kwa kadhi kuhukumu akiwa na hasira, ambayo wanazuoni waliyapanua mpaka njaa na usingizi, na una mahakama nzima. Ndiyo, njaa ilikuwa sababu ya kuahirisha. Busara hiyo isidharauliwe.

2. Izz al-Din bin Abdisalam, aliyewapiga mnada maamiri

Huyu kidogo achukue namba moja, na mpaka sasa moyo wangu unanisuta.

Akiwa Damascus alimkemea mtawala wake hadharani kwa kuwapa Wafaranja, wapiganaji wa Msalaba, ngome, akafungwa. Akahamia Misri, al-Salih Ayyub akampa ukadhi. Akaanza kupekua. Akagundua kwamba maamiri kadhaa wa Kimamluki, wenye farasi na majumba, walikuwa kisheria bado watumwa, mali ya baitulmali; hakuna aliyethibitika kuachwa huru. Mmoja wao alikuwa naibu wa Sultani.

Angefanya nini? Hakuwa na askari. Askari walikuwa wao! Akatumia silaha pekee ya kadhi: akakataa kuidhinisha. Mauzo yao hayathibiti, ununuzi wao hauthibiti, ndoa zao hazithibiti. Jeshi lote la Misri lingeweza kumkata kichwa, lakini halikuweza kuifanya hati batili iwe halali. Hapo ndipo nguvu ya kadhi ilipokaa: mwenye upanga anaweza kukichukua kitu, ila kukimiliki anamhitaji mtu wa kalamu.

Sultani akaingilia kwa maneno makali. Izz akapakia mizigo yake kwenye punda, akatoka Cairo na familia yake, na watu wakaanza kutoka nyuma yake, wanazuoni, wafanyabiashara, wanawake na watoto. Sultani akaambiwa: akiondoka huyu, umeondoka wewe. Akapanda mwenyewe kumrudisha. Naibu naye akaenda mpaka mlangoni kwa Izz na upanga uchi, Izz akatoka, na upanga ukamwanguka mkononi.

Wakauzwa. Mmoja mmoja, kwa bei ya juu, na fedha zikaenda kwenye maslahi ya watu, na wakaachwa huru kisheria. Alifariki mwaka 1262, na watu wakampa jina la muuza wafalme.

Ami yako angelia mchana kweupe.

1. Kadhi wa Kayseri, ambaye jina lake hulijui

Umeshangaa? Ulimtegemea shujaa. Nisikilize.

Izz ni mmoja katika karne. Shamba lako haliwezi kungoja karne. Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipeleka Anatolia, mji wa Kayseri, miaka ya 1600 na kitu, kwa makadhi waliotumwa kutoka Istanbul kwa muda mfupi, wakahukumu, wakahamishwa, wakasahaulika. Hawakuacha visa. Waliacha madaftari.

Na madaftari hayo yamesomwa na wanahistoria, ukurasa kwa ukurasa. Wanawake wamo kila mahali. Wananunua nyumba, wanauza bustani, wanawashtaki waume zao, kaka zao na ami zao kwa ajili ya mirathi, mara nyingi wakisimama wenyewe, na mara nyingi wakishinda. Waarmenia na Wagiriki wa mji, Wakristo, wanaletana hapo hapo kwa hiari yao, hata pale wote wawili si Waislamu. Mtu hapeleki shauri mahali anapojua ataonewa.

Angalia kazi zenyewe, maana hapa ndipo kadhi wa kweli alipo. Mtoto amefiwa: kadhi anamwekea wasii, mali inaorodheshwa mpaka sufuria na godoro, na wasii anatakiwa atoe hesabu. Mwanamke hana walii: kadhi ndiye walii wake. Mtu amepotea safarini: kadhi anailinda mali yake. Wakfu ina mtunzaji mlafi: kadhi anamwita. Mume kaahidi mahari hajatoa: andika. Kuta za jirani zimeingia uani: twende tukaone. Chini ya kila shauri yameandikwa majina ya watu waliokuwapo, wazee wa mtaa, imamu, muuza duka, ili kesho asitokee wa kusema hukumu ilitolewa gizani.

Walikuwa na kasoro, nazo sizifichi. Mahakama ilitoza ada, naye kadhi wa muda mfupi hushawishika kuchuma haraka. Palikuwa na wala rushwa. Lakini mlango haukuishia kwake: malalamiko dhidi ya makadhi yalipelekwa Istanbul kwenye Diwani ya Sultani, na raia wa kawaida, mkulima na mjane, waliruhusiwa kuyapeleka. Amri zilizotoka huko zilinakiliwa katika madaftari ya mahakama, pamoja na mauzo ya bustani na orodha za sufuria, na kadhi aliyefuata alizikuta hapo alipoketi kazini.